Breki ya Rili ya Kuvulia Samaki: Jinsi ya Kuzirudisha Washa Zake Mahali Pake



Katika mazungumzo haya nataka kuwaeleza habari ya chombo kidogo ambacho mtu akisafiri pwani yetu hukiona hapa na pale mikononi mwa wavuvi. Chombo hicho ni rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, lifungwalo juu ya ufito wa kuvulia. Wageni wajao Malindi, Watamu na Shimoni kuvua sulisuli na jodari kwa kujifurahisha huja na rili zao. Nazo zikichakaa huuzwa kwa bei nafuu, au hutolewa zawadi kwa mabaharia. Basi rili kuukuu si kitu cha kudharauliwa. Wazee walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Rili iliyofanywa vizuri, hata ikiwa imetumika miaka mingi, yaweza kumfaa mwenyewe miaka mingi tena, maadamu ajua kuifungua, kuisafisha, na hasa kuifunga tena sawasawa.

Nasema hasa kuifunga, kwa kuwa kufungua ni kazi ya mtu yeyote mwenye bisibisi. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua rili ya mzee mmoja mvuvi, jirani yangu, aliyeniletea akisema, "Mwalimu, breki ya chombo hiki yakwama. Wewe umesoma, nitazamie." Niliona fahari kuaminiwa. Nikaifungua, nikavisafisha vyuma vyote vikang'aa, nikavirudisha ndani kwa kukisia. Siku ya tatu mzee akaenda baharini. Nguru mkubwa akashika chambo, akakimbia. Mzee akakaza breki, akakaza tena, hata nyota ya kukazia ikagoma kuzunguka. Na mshipi ukazidi kutoka kama kwamba hapana breki kabisa. Pima mia na hamsini za mshipi mpya zikaisha, fundo la mwisho likakatika, na samaki akaenda zake na yote. Mshipi ule mzee alikuwa ameuwekea akiba tangu msimu uliotangulia.

Aliporudi hakunigombeza. Aliiweka rili mezani kwangu, akasema, "Mwalimu, tuifungue tena, mara hii mimi nikitazama." Tukaifungua. Hapakukosekana kipande hata kimoja. Kosa lilikuwa moja tu: washa mbili nilikuwa nimezibadilishana mahali. Nitawaeleza kosa hilo lilikuwa nini, na kwa nini kitu kidogo namna ile kilimnyima mzee samaki wake.

Kwanza yatupasa kujua breki ya rili ni kitu gani. Mtu anayevua kwa mshipi wa mkononi, samaki akivuta kwa nguvu, huuachia mshipi uteleze kati ya vidole vyake. Samaki akichoka, huuvuta. Vidole vyake ndivyo breki. Aking'ang'ania, mshipi hukatika, au humkata mkono. Rili za kwanza za baharini hazikuwa na breki ndani yake. Mvuvi alibana bobini ya mshipi kwa kipande cha ngozi chini ya kidole gumba. Na samaki alipokimbia, mkono wa rili ulizunguka kinyume kwa kasi, ukawapiga watu na kuwavunja vidole. Huko Marekani Bwana William Boschen, mvuvi wa kisiwa cha Catalina katika California, alishirikiana na fundi Julius vom Hofe kutengeneza rili yenye breki ndani. Mwaka wa 1913 Bwana Boschen alimvua kwa ufito samaki mwenye upanga, uzito wake ratili 355, yaani kilo 161 hivi. Tangu hapo wazo hilo limeenea duniani, na mafundi wengine wakalitengeneza zaidi.

Sasa tutazame ndani. Ukizungusha mkono wa rili, wauzungusha mhimili mfupi wa chuma. Juu ya mhimili huo imevikwa gia kubwa, nayo huzungusha gia ndogo, na gia ndogo huzungusha bobini ya mshipi. Lakini angalieni sana neno hili: gia kubwa haikufungwa juu ya mhimili. Imevikwa tu, kama pete kidoleni, nayo yaweza kuzunguka peke yake. Kinachoishikamanisha na mhimili ni breki. Na mhimili wenyewe una komeo dogo liuzuialo usizunguke nyuma. Basi samaki akivuta, mhimili na mkono hukaa kimya, na gia kubwa huzunguka juu ya mhimili ikisuguana na breki. Breki ikikazwa, gia huzunguka kwa shida. Ikilegezwa, huzunguka kwa urahisi.

Gia hiyo kubwa ina shimo pana upande mmoja, kama kisahani. Ndani ya kisahani hicho hupangwa washa moja juu ya moja. Washa hizo ni za namna tatu, nami nitazipa majina ili tupate kuelewana.

Namna ya kwanza ni washa za msuguano. Hizi si za chuma. Zamani zilikuwa za ngozi au za nyuzi ngumu zilizoshindiliwa. Siku hizi nyingi ni za nyuzi za kaboni, nyeusi, zenye mistari kama kitambaa kilichofumwa. Tundu lake ni duara na ukingo wake ni duara. Hazikushikwa na kitu chochote.

Namna ya pili ni washa za kitovu. Hizi ni za chuma. Ukingo wake ni duara, lakini tundu la katikati si duara kamili: lina pande zilizonyooka, sawa na umbo la mhimili. Kwa hiyo washa ya kitovu haiwezi kuzunguka peke yake. Mhimili ukisimama, nayo husimama.

Namna ya tatu ni washa za masikio. Hizi pia ni za chuma, na tundu lake ni duara. Lakini ukingoni zina ndimi mbili au zaidi zilizochomoza kama masikio. Masikio hayo huingia katika nafasi zilizochongwa ukingoni mwa kisahani cha gia. Kwa hiyo washa ya masikio huenda pamoja na gia. Gia ikizunguka, nayo huzunguka.

Mkishika habari hiyo mmeshika jambo lote. Washa ya kitovu ni ya nyumba ya mhimili. Washa ya masikio ni ya nyumba ya gia. Na washa ya msuguano haina nyumba, yakaa kati yao.

Jaribuni jambo hili sasa hivi. Tieni kipande cha ngozi kati ya viganja viwili, mbane kwa nguvu, kisha kiganja kimoja kiende mbele na kingine kibaki pale pale. Mtaona uzito, na baada ya kitambo kidogo joto. Sasa baneni vile vile, lakini viganja vyote viwili viende mbele pamoja. Hapana uzito wala joto, hata mkibana kwa nguvu zenu zote. Ni kwa nini? Kwa sababu msuguano wa kuzuia hupatikana pale tu ambapo upande mmoja waenda na upande wa pili umesimama. Vyuma viwili viendavyo pamoja havizuii kitu.

Kwa hiyo kanuni ya kupanga washa ni hii: jamaa wa nyumba moja wasikae jirani. Kama vile ndugu wa tumbo moja wasivyooana, ndivyo washa mbili za kitovu zisivyopangwa pamoja, wala mbili za masikio. Tena sakafu ya kisahani cha gia yahesabiwa kuwa ya nyumba ya masikio, kwa kuwa huzunguka pamoja na gia. Katika rili nyingi zenye vyuma vitatu, mpango ni huu, kuanzia chini:

Kwanza, washa ya msuguano juu ya sakafu ya gia.
Pili, washa ya kitovu.
Tatu, washa ya msuguano.
Nne, washa ya masikio.
Tano, washa ya msuguano.
Sita, washa ya kitovu, ambayo mara nyingi ni nene kuliko nyingine, nayo ndiyo kifuniko.

Hesabuni sasa mahali pa kuzuia. Kati ya sakafu ya gia na kitovu cha kwanza, pamoja. Kati ya kitovu cha kwanza na masikio, pa pili. Kati ya masikio na kitovu cha juu, pa tatu. Mahali patatu pote hufanya kazi.

Basi kosa langu lilikuwa hili: niliiweka washa ya masikio chini, na washa ya kitovu katikati. Hesabuni tena. Sakafu ya gia na masikio ni nyumba moja, huenda pamoja: hapana kazi. Masikio na kitovu cha katikati: hapo pana kazi. Kitovu cha katikati na kitovu cha juu ni nyumba moja, husimama pamoja: hapana kazi. Katika mahali patatu nilimwachia mzee pamoja tu. Kwa kukaza kule kule alipata theluthi moja ya nguvu aliyostahili kupata. Ndiyo sababu alikaza mpaka mwisho na mshipi usizuilike. Rili haikuwa mbovu. Iliyokuwa mbovu ni hesabu ya fundi.

Haya, sasa nitaeleza kazi yenyewe tangu mwanzo. Rili hazifanani zote, lakini mwendo wa kazi ni mmoja.

Tandika kitambaa cheupe juu ya meza, au fanya kazi ndani ya sinia pana lenye ukingo, kwa kuwa ndani ya rili mna springi ndogo ambazo hupenda kuruka. Legeza nyota ya breki kabisa. Kisha ondoa nati ya mkono, na mkono wenyewe, na nyota, na kile kibomba kifupi kilicho chini ya nyota. Halafu fungua ubavu wa rili, uitoe gia kubwa polepole pamoja na washa zake.

Usizimwage washa mezani. Chukua uzi mgumu au waya mwembamba, uzitunge moja moja kama shanga kadiri uzitoavyo, kisha ufunge fundo. Kila washa ielekee vile vile ilivyokuwa ikielekea ndani, kwa kuwa uso uliozoea kusuguana na mwenziwe yafaa urudi kwake. Lakini kama rili umeinunua kwa mtu, usiuamini mpango uliomo mpaka uhakikishe kwa kanuni ya nyumba mbili. Huenda fundi wa kwanza alikuwa kama mimi. Kadhalika tazama kama iko washa ya msuguano chini ya gia, upande wa nje wa kisahani. Rili nyingine zinayo, nayo husahauliwa kwa urahisi.

Vyuma vioshe kwa mafuta ya taa, mbali na moto na taa iwakayo, kisha uvipanguse vikauke kabisa. Iweke kila washa ya chuma juu ya kipande cha kioo, uibonyeze ukingoni kwa kidole. Ikicheza kama mtumbwi, imepinda, nayo itafanya breki ishike na kuachia. Ikiwa na kutu kidogo, isugue juu ya msasa laini uliotandikwa juu ya kioo, kwa mwendo wa duara, mpaka uso uwe sawa. Ikiwa kutu imeila na kuacha mashimo, tafuta nyingine.

Washa za msuguano zitazame kwa makini. Za ngozi zilizokauka na kupasuka, au za nyuzi zilizochanika ukingoni, hazifai tena. Za nyuzi za kaboni huvumilia sana: zioshe kwa sabuni na maji matamu, uzikaushe. Hizi zaweza kutumika kavu. Walakini ukizipaka grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya breki za rili, nyembamba kama jasho juu ya ngozi, chumvi haitaingia kwa urahisi na mwanzo wa kuteleza utakuwa mwororo. Msijaribu kukata washa kwa mpira wa ndani wa baisikeli, kama nilivyoona watu wakifanya. Mpira hushika, kisha huachia kwa ghafula, na joto huulainisha.

Wala joto hilo si dogo. Samaki akivuta mshipi mita 200 dhidi ya breki ya kilo 5, kazi aifanyayo yote hugeuka kuwa joto ndani ya kile kisahani kidogo. Joto hilo latosha kupandisha robo lita ya maji kwa nyuzi 9 hivi. Na washa zote pamoja hazina uzito wa kikombe cha maji.

Sasa panga washa katika gia kwa utaratibu niliousema, ukitaja kila moja kwa sauti: msuguano, kitovu, msuguano, masikio, msuguano, kitovu. Hakikisha masikio yameingia katika nafasi zake, na vitovu vimeingia juu ya mhimili bila kulazimishwa. Usipige kwa nyundo. Kitu kisichoingia kwa kidole kimekaa vibaya.

Juu ya kitovu cha mwisho huja springi za breki, ambazo ni washa zilizobonyea kama kisahani. Zikiwa mbili, zikabiliane, ukingo kwa ukingo au mgongo kwa mgongo, kama ilivyo desturi ya rili nyingi. Zikikabiliana, kila mzunguko wa nyota huongeza nguvu kidogo kidogo. Zikilaliana kama sahani mbili kabatini, huwa ngumu, na breki hutoka katika ulegevu na kuingia katika ukali kwa mzunguko mdogo tu. Kisha rudisha kibomba, nyota, mkono, na nati yake.

Kabla ya kwenda baharini, jaribu nyumbani. Kanuni ya wavuvi ni kwamba breki iwekwe kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Kama mshipi hukatika kwa kilo 15, breki iachie kwa kilo 4 au 5. Asiye na mizani ya springi achukue mfuko, apime mchanga kilo 4 dukani, aufunge mwisho wa mshipi. Mtu mmoja ashike rili juu, mfuko uning'inie. Kaza nyota mpaka mfuko usimame. Kisha legeza kidogo kidogo mpaka uanze kushuka. Ukishuka polepole bila kusita, kazi yako ni njema. Ukikwama, kisha ukaanguka kwa kishindo, ukakwama tena, ifungue upya: kuna chuma kilichopinda, au uchafu, au grisi nyingi mno.

Liko jambo moja zaidi ambalo wavuvi wengi hulikosea. Mshipi ukitoka, duara la mshipi uliobaki juu ya bobini hupungua. Likiwa lilikuwa na upana wa sentimita 8, likabaki 4, samaki hana budi kuvuta kwa nguvu maradufu ili aizungushe breki ile ile. Kilo 5 zimekuwa 10, wala hukuigusa nyota. Tena maji yenyewe huushika mshipi mrefu uliotandazika baharini. Kwa hiyo samaki akienda mbali, moyo hukuambia, "Kaza!" lakini hesabu yakuambia, "Legeza kidogo." Sikilizeni hesabu.

Mwisho, mkirudi pwani, osheni rili kwa maji matamu yanayotiririka polepole, si kwa kuizamisha; kisha legezeni nyota kabisa kabla ya kuiweka. Breki iliyoachwa imekazwa miezi mingi hubanana, washa zikashikana, na siku ya samaki mkubwa haitaachia mpaka mshipi umekatika.

Baada ya siku ile, mzee na mimi tuliipanga rili pamoja. Yeye ndiye aliyeziweka washa, nami nikazitaja. Tulipomaliza, tulining'iniza mfuko wa mchanga juu ya tawi la mwembe, ukashuka polepole kama ndoo kisimani. Nilimlipa mshipi wake kwa mafungu matatu, maana ilinipasa. Naye alinilipa kwa namna nyingine: kila kijana aliyemwendea na rili mbovu alimleta kwangu, akasema, "Huyu ajua kosa lilipo, kwa kuwa amelifanya mwenyewe."

Nanyi mlio wanafunzi, kumbukeni hili siku mtakapofungua chombo chochote, kiwe saa, cherehani au baisikeli. Kukisia si ufundi. Kila kipande kina kazi yake na jirani yake. Mkijua sababu ya mpango, hamtasahau mpango wenyewe.

Kwa herini.